Shajara ya mradi: kufungua skrubu za pembe sita zilizogoma kwenye reli, ringi na miguu ya bunduki

Jumatatu. Ukaguzi

Kilichopo mezani ni Remington 700 ya .308 Winchester, bunduki ya kuwindia ya boliti, ndani ya kitako cha plastiki cha Magpul Hunter. Juu ina reli ya Picatinny ya alumini (ubao wenye mikato wa kufungia darubini), ringi mbili zinazoikumbatia darubini, na darubini yenyewe. Chini ya kitako kuna adapta ya miguu ya kuegemea iliyofungwa kwenye matundu ya M-LOK, mfumo wa matundu marefu ya kufungia vifaa. Mwenyewe anataka vyote vitolewe ili abadilishe darubini na reli. Skrubu kadhaa zimegoma, na baadhi tayari zimeonja ufunguo usio wake.

Kabla ya kugusa skrubu yoyote: magazini imetolewa, boliti imechomolewa kabisa, chemba imetazamwa kwa tochi na kuguswa kwa kidole, na risasi zote zimepelekwa chumba kingine. Boliti inabaki nje mpaka kazi iishe. Kazi hii ina nyundo, joto na mabano ya jiliwa, kwa hiyo bunduki isiwe na uwezo hata wa kukosea.

Lengo ni kulinda uzi uliochongwa kwenye mwili wa bunduki. Skrubu ni ya kutupwa, reli ya alumini inanunulika, hata ringi inanunulika. Tundu la mwili likiharibika linahitaji fundi wa bunduki alipanue na kulichonga upya. Kila uamuzi hapa chini unafuata mpangilio huo wa thamani.

Vipimo tulivyopata kwa kalipa:

Skrubu 4 za reli ni 6-48, yaani unene wa milimita 3.5 na nyuzi 48 kwa inchi. Zinafunguliwa kwa alenki (ufunguo wa pembe sita) ya inchi 5/64.

Skrubu 8 za vifuniko vya ringi ni M3, yaani unene wa milimita 3, alenki ya milimita 2.5. Reli ni ya Marekani lakini ringi ni za kipimo cha metriki, na hapo ndipo fujo nyingi huanzia.

Skrubu 2 za kubana ringi kwenye reli ni 10-32 (namba 10, nyuzi 32 kwa inchi) za kichwa cha silinda, alenki ya inchi 5/32.

Skrubu 2 za adapta ya miguu ni namba 10, kichwa cha kuba, alenki ya inchi 1/8.

Jumatatu jioni. Funguo kwanza

Sehemu hii tumeipa muda kuliko zote, na tungeirudia hivyo hivyo. Skrubu nyingi zinazosemwa zimegoma hazikugoma, ila zilifunguliwa kwa ufunguo uliokaribia kulingana. Maduka mengi ya vifaa Afrika Mashariki yamejaa seti za milimita, huku vifaa vya bunduki kutoka Marekani vikija kwa inchi. Tofauti zenyewe ni hizi:

5/64 ni mm 1.98, karibu sawa na 2.
3/32 ni mm 2.38, na 2.5 haiingii.
7/64 ni mm 2.78, na 3 haiingii, wakati 2.5 inacheza sana.
1/8 ni mm 3.18, na 3 inaingia kwa ulegevu wa karibu mm 0.18.
9/64 ni mm 3.57, na 3.5 inaingia kwa ulegevu kidogo.
5/32 ni mm 3.97, karibu sawa na 4.

Ya hatari kuliko zote ni ile ya 1/8 na milimita 3. Ufunguo wa 3 unaingia vizuri, unahisi umekaa, halafu ukitia nguvu unagusa pembe tu badala ya kuta. Pembe zinavingirika, na baada ya hapo hata ufunguo sahihi hauna pa kushika. Skrubu moja ya adapta yetu imekwisha kufanyiwa hivyo.

Kwa 5/64, alenki ya milimita 2 iliyo nzima inafaa, wakati mwingine ikitaka kusukumwa kidogo. Kwa 5/32, alenki ya 4 ikigoma kuingia, isugue kila uso mara mbili tatu kwenye msasa namba 400 uliolazwa juu ya kioo. Unatafuta sehemu tatu za mia za milimita, basi, kwa hiyo usiguse tupa. Kwa 1/8 hakuna njia ya mkato ya kuaminika. Tafuta ufunguo wa inchi. Kipande cha kopo la soda kinaweza kuziba pengo la skrubu iliyokazwa kwa mkono, lakini kwa skrubu iliyogoma hukunjwa na kupasuka.

Ncha za alenki zetu mbili zilikuwa zimechoka, kingo zimekuwa za mviringo kwa urefu wa milimita moja hivi. Zimekatwa milimita 2 kwenye jiwe la kusagia, mraba kabisa, kwa migusano mifupi na kuchovya majini kila mara. Chuma kikigeuka buluu kimepoteza ugumu, na hapo kata tena mpaka upite sehemu hiyo. Ncha ya tufe, ile inayoruhusu kuingiza ufunguo kwa kuinama, haitumiki kabisa kuvunja mgomo. Inagusa eneo dogo na hukatika shingoni.

Kisha matundu yenyewe. Kila tundu lilikwanguliwa kwa sindano ya kushonea magunia, likapulizwa, likaoshwa kwa spiriti na kipande cha kijiti chenye pamba. Kwenye skrubu ya 5/64 kina cha tundu hakizidi sana milimita moja na nusu. Rangi, vumbi na mafuta yaliyoganda vikijaza nusu yake, ufunguo umeshikilia nusu iliyobaki. Kwenye reli tulitoa tope gumu lililokuwa limeficha karibu theluthi ya kina.

Mafuta ya kupenya yasimwagwe ovyo ndani ya tundu. Yanakwenda kwenye mshono wa kichwa na uzi. Tundu lenyewe liwe kavu, maana msuguano wa ufunguo ukutani ndio unaokufanyia kazi.

Jumanne. Ringi na darubini

Kanuni ya mpangilio: darubini itoke kwenye bunduki kabla ya nyundo au joto kuonekana karibu. Kwa hiyo tulianza na skrubu mbili za 10-32 zinazobana ringi kwenye reli, ringi zikiwa bado zimeikumbatia darubini. Zote zilitoka kwa alenki ya 5/32, mkono mfupi ndani ya tundu, mkono mrefu ukisukumwa kwa kiganja. Kabla ya kufungua, kila moja ilikazwa kiasi kidogo sana, kama digrii tano. Kukaza kidogo huvunja kutu bila kuongeza mzigo mkubwa, na mara nyingi mlio mdogo wa "tk" unasikika hapo hapo.

Tahadhari kuhusu skrubu hizi: 10-32 na M5 zinafanana machoni. Skrubu ya 10-32 inaingia kwenye tundu la M5 kwa ulegevu na kudanganya kuwa ni yake. M5 kwenye tundu la 10-32 inazunguka kidogo halafu inang'ata. Zimewekwa kwenye bahasha zilizoandikwa.

Vifuniko vya ringi: skrubu 6 kati ya 8 zilitoka bila shida. Mbili za ringi ya mbele, upande mmoja, ziligoma. Hapa kuna jambo ambalo wengi hulikosea. Ukishafungua skrubu zote jirani, kifuniko kinainama na mzigo wote unaelemea ile iliyobaki, kwa upande mmoja. Inakuwa ngumu maradufu. Tulirudisha skrubu za upande wa pili, tukazikaza kwa nguvu ya kawaida, ndipo tukazirudia zilizogoma. Moja ilitoka papo hapo.

Ya mwisho ilikuwa na unga mweupe kwenye mshono. Huo ni alumini iliyolika pale inapogusana na chuma cha skrubu kukiwa na unyevu, hasa wa chumvi au jasho. Unga huo unachukua nafasi kubwa kuliko alumini iliyoutoa, kwa hiyo unaibana skrubu kutoka pande zote. Tone moja la mafuta ya kupenya liliwekwa kwenye mshono kwa ncha ya waya, ringi imelazwa ili tone literemke kwenye uzi, likaachwa usiku kucha. Lenzi zilifungwa vifuniko na kuzungushiwa utepe, kwani mafuta hayo hayatakiwi karibu na mipako ya lenzi wala mipira ya kuzuia maji.

Jumatano. Skrubu ya M3 iliyokataa

Mafuta hayakutosha. Ringi ililazwa juu ya gogo laini lenye mfereji, darubini ikiwa ndani, uzito ukibebwa na ringi wala si bomba la darubini. Bomba la darubini halibanwi kwenye jiliwa hata ukiwa na vitambaa. Ni jembamba na likibonyea haliponi.

Ufunguo uliingizwa, ukagongwa kichwani kwa nyundo ya gramu 200, mapigo mepesi, huku mkono wa pili ukiweka mvuto mdogo wa kufungua. Mapigo yanafanya mambo mawili: yanaketisha ufunguo mpaka chini ya tundu, na yanatikisa uzi. Ilisogea nywele moja, ikasimama, kisha tundu likavingirika.

Baada ya kuvingirika, zana ya kwanza ni biti ya nyota yenye upana ulio kati ya kuta na pembe za tundu. Vipimo vya kukumbuka: T10 ni mm 2.74, T15 ni 3.27, T20 ni 3.86, T25 ni 4.43. Kwa tundu la 2.5 jaribu T10, kwa la 3 jaribu T15, kwa la 4 jaribu T25. Inagongwa mpaka iketi, kisha inazungushwa taratibu. Ikiwa tundu limekuwa duara kabisa, panda saizi moja, ukijua kwamba ukuta wa kichwa kidogo unaweza kupasuka. Grisi ya kusagia valvu, tone dogo kwenye ncha ya biti, inaongeza mshiko vizuri sana, nasi tunaipendekeza. Kipande cha mpira cha kuweka kati ya biti na tundu, kinachosifiwa kila mahali, hakifai kwenye matundu madogo hivi, maana kinakula kina kile kile unachokihitaji.

T10 iling'ata, ikashika, lakini skrubu haikutoka. Badala ya kuendelea kulazimisha mpaka biti ikatike ndani (biti iliyokatika ni ngumu kuliko keekee yako, na hapo kazi imeharibika kweli), tulikata kichwa.

Kichwa cha M3 cha silinda kina kipenyo cha mm 5.5 na kimo cha mm 3. Biti ya keekee ya mm 3.2 inaongozwa na tundu lenyewe, hivyo haihitaji kupigwa alama ya kati. Mwendo wa polepole, tone la mafuta ya kukatia, mashine imeshikwa wima. Vipande vya chuma vilizuiwa kwa pete ya grisi kuzunguka kichwa. Ukifika kina cha milimita 3 hivi, kichwa kinajitenga na kuzunguka juu ya biti. Simama hapo hapo. Kifuniko kikishanyanyuliwa, shina linabaki limesimama bila mzigo wowote, na hilo ndilo jambo zuri la njia hii. Nguvu iliyokuwa inalikaza ilitoka kichwani, na kichwa hakipo tena. Shina lilishikwa kwa koleo la kufunga na likatoka kwa mizunguko michache.

Darubini iko salama. Ringi ya chini imesafishwa uzi kwa skrubu mpya ya M3 yenye mafuta, ikiingizwa na kutolewa taratibu. Tungekuwa na tapu (chombo cha kuchonga uzi ndani ya tundu) ya M3 × 0.5 tungeipitisha, lakini haikuhitajika.

Alhamisi. Reli: gundi nyekundu

Skrubu 4 za 6-48, ufunguo umekaa vizuri, hakuna kutu, hakuna hata moja iliyosogea. Hakuna unga mweupe wala wa kahawia. Dalili hizo zinaelekeza kwenye gundi ya kufungia uzi, na mafuta ya kupenya hayayeyushi gundi hiyo ikishakauka, uyaache hata wiki.

Gundi ya buluu, ya nguvu ya kati, imetengenezwa ifunguke kwa zana za mkono. Nyekundu inahitaji joto, na watengenezaji huelekeza takriban digrii 250 za Selsiasi, kisha ufungue ikiwa bado ya moto. Ukipasha halafu ukasubiri ipoe, umepoteza muda, kwa kuwa inashika tena.

Hatukutumia moto wa gesi. Alumini ya reli hupoteza ugumu wake ikipashwa sana, rangi ya mwili wa bunduki inaharibika, na kitako chini yake ni cha plastiki. Chombo kinachofaa ni chuma cha kulehemia cha wati 60, ncha yenyewe ikiingia ndani ya tundu la skrubu. Joto linakwenda moja kwa moja kwenye skrubu na kushuka mpaka uzini. Mwili wa chuma na reli ya alumini vyote vinanyonya joto, kwa hiyo chuma cha wati 25 hakifiki popote hapa. Mwili wa bunduki ulitolewa kwenye kitako kwanza.

Kujua kama joto limetosha: gusa ukingo wa nje wa kichwa cha skrubu kwa waya mwembamba wa lehemu ya 60/40. Lehemu hiyo inayeyuka karibu na digrii 190. Ikiyeyuka kwa kugusa tu, endelea kupasha dakika nyingine moja kisha fungua. Usiguse ndani ya tundu, lehemu ikiingia humo umejaza tundu kwa chuma.

Skrubu ya kwanza ilitoka baada ya kama dakika tatu za joto. Ilizunguka kwa uzito ule ule kuanzia mwanzo hadi mwisho, na uzi wake ulijaa makombo mekundu. Tatu zilizobaki zilifuata njia hiyo hiyo, moja moja. Kila moja ipashwe na kutolewa kabla ya kugusa inayofuata.

Kabla ya kutupa skrubu hizo tulipima urefu wa kila moja na kuandika nafasi yake. Za mbele na za nyuma hazilingani urefu. Tundu la mbele kabisa liko juu ya uzi wa mtutu, na skrubu ndefu mno hapo inagonga mtutu kabla ya kuibana reli. Unadhani umekaza kumbe reli inacheza. Za nyuma zikiwa ndefu zinakwangua boliti. Ni sababu pia ya kutotoboa skrubu hizi kwa pupa zikikatika: kina kilichopo chini yake ni kidogo.

Ijumaa. Adapta ya miguu

Hapa joto limekatazwa, kitako ni plastiki. Nyundo nayo haifai, kitako kinadunda na nguvu inapotea.

Skrubu yenye tundu zima ilitoka kwa ufunguo wa 1/8 baada ya kulala na mafuta. Ile iliyovingirishwa kwa ufunguo wa milimita 3 ina kichwa cha kuba cha kipenyo cha mm 9 na kimo cha mm 2.6, ukuta mwembamba, na biti ya nyota ingeupasua. Tulichonga mfereji. Vipande viwili vya wembe wa msumeno wa chuma vilifungwa pamoja kwa utepe, meno yakielekea upande mmoja, vikatoa mfereji wa karibu mm 1.3. Kina mm 1, si zaidi, kwa sababu chini ya tundu hakuna nyama nyingi. Kando ya kichwa tuliweka tabaka tatu za utepe kulinda adapta.

Bisibisi bapa yenye upana wa kujaza mfereji wote, shina lake la pembe sita likishikwa kwa spana, mkono mmoja ukisukuma chini kwa uzito wa mwili na mwingine ukizungusha. Ilitoka.

Iwapo ingekataa, M-LOK ina upenyo wake. Nati ya ndani huzunguka robo duara ili kujifunga nyuma ya tundu. Skrubu iliyogandamana na nati yake ikizungushwa kinyume, nati inaweza kurudi kwenye mstari wa tundu na vyote viwili kuchomoka pamoja, bila uzi kufunguka hata kidogo. Tazama kutoka ndani ya kitako kwa tochi kabla ya kukata chochote.

Jumamosi. Kurudisha

Matundu yote ya mwili yamesuguliwa kwa brashi ndogo ya meno na asetoni mpaka makombo mekundu yakaisha. Asetoni haikukaribia kitako wala darubini.

Reli mpya: skrubu za 6-48 zenye kichwa cha T15, ambazo zinashika vizuri kuliko 5/64. Zimekazwa N·m 2.5 (niutoni-mita, kipimo cha nguvu ya kukaza) kwa mpangilio wa kuvuka, zikiwa na tone dogo la gundi ya buluu lisilozidi nyuzi tatu za mwisho. Vifuniko vya ringi: N·m 1.8, bila gundi, mianya kati ya kifuniko na ringi ikiwa sawa pande zote mbili. Mtengenezaji akitoa takwimu yake, hiyo ndiyo ifuatwe.

Kwa asiye na spana ya kupimia: funga kamba kwenye mkono wa alenki milimita 50 kutoka katikati ya skrubu, vuta kwa mizani ya ndoano, kamba ikiwa na pembe mraba na mkono. Kilo 3.7 zinakupa N·m 1.8, na kilo 5.1 zinakupa 2.5. Mizani ya kupimia samaki inatosha.

Kila kichwa kimepigwa mstari wa rangi nyeupe unaovuka hadi kwenye reli, ili skrubu ikisogea ionekane. Kilichobaki ni skrubu mbili za kichwa cha kuba za adapta. Zimeagizwa za chuma kisichoshika kutu, na uzi wake utapakwa grisi kabla ya kufungwa. Mpaka zifike, miguu iko kwenye mfuko pamoja na ufunguo wake wa 1/8.